Kutoka silva hadi kijivu: shajara ya kupiga rangi IST kwa laki tisa

Juni, wiki ya mwisho

Gari ni Toyota IST ya 2003, silva, injini nzima, gia nzima, lakini juu inatia huruma. Klia, lile tabaka la kung'aa lisilo na rangi linalokaa juu ya rangi, imebabuka paani na kwenye boneti, na ilipobabuka jua limeila silva yenyewe mpaka imefifia na kuwa ya unga. Chini ya milango ya nyuma kutu imeanza kuinua rangi. Nimetenga shilingi laki tisa na siongezi.

Naandika kila hatua kwa sababu nilipoanza kuulizia, kila gereji ilinitajia bei bila kunieleza ndani ya bei hiyo kuna nini. Yenye chumba cha kukaushia rangi kwa joto ilitaka zaidi ya milioni mbili. Ya pembeni mwa barabara ilisema laki nne na nusu kwa kila kitu, gari nakabidhiwa baada ya siku tatu. Nikamuuliza kijana wa pale: milango mtaifungua? Vitasa mtavitoa? Mtatumia rangi gani, ya kukauka kwa thina peke yake au ya hadina? Majibu yalikuwa hapana, hapana, na "ya kawaida". Hiyo ya kawaida ni NC, rangi inayokauka thina inapopaa tu. Inapendeza wiki za kwanza. Baadaye inapauka, na petroli ikimwagika pale unapojazia mafuta inaacha alama, kwa sababu hakuna kinachoifunga. Rangi ya 2K inachanganywa na hadina, zinaungana na kuwa kitu kimoja kigumu ambacho petroli haikiyeyushi kirahisi. Kwa gari linalolala nje, Dar es Salaam, karibu na chumvi ya bahari, sikuona sababu ya kulipia NC.

Nimeafikiana na fundi mmoja mtu mzima, Tabata, ambaye amepiga rangi tangu enzi za Datsun. Nilimwambia nina nguvu na nina Jumamosi na Jumapili. Akakubali kwamba kufungua vitu na kupiga msasa nifanye mimi chini ya macho yake, yeye afanye bati, puti ya kujazia mabonde na kupiga rangi. Kwa mpango huo ufundi umeshuka kutoka laki tano hadi laki tatu. "Ila ukichoka, binti, usiniachie nusu," akasema. Sawa, mzee.

Rangi gani

Moyo wangu ulitaka kijani cha giza. Fundi hakunikataza, alifungua boneti akanionyesha chumba cha injini, kisha akafungua mlango na buti. Kote humo ni silva. Ukibadili rangi kwa ukamilifu unatakiwa upige na humo, na chumba cha injini maana yake ni kutoa betri, nyaya, mabomba, pengine injini yenyewe. Hiyo ni bajeti nyingine kabisa. Ukiacha silva ndani na kijani nje, kila ukifungua mlango gari linatangaza kwamba limebadilishwa, na siku ya kuliuza mnunuzi ataanza kujiuliza unaficha nini.

Basi swali likageuka: ni rangi gani inayoweza kukaa jirani na silva bila kugombana? Tumechagua kijivu kizito, kile cha simenti mbichi, kisicho na chembe za kumetameta. Faida zake zimenishawishi kuliko uzuri wake, ingawa uzuri nao upo. Kwanza, vizingiti vya milango na ndani ya buti vitapigwa, lakini chumba cha injini kitabaki silva na macho hayatashtuka. Pili, ni rangi tupu, kwa hiyo inapigwa moja kwa moja na kung'aa yenyewe, bila gharama ya klia juu. Metaliki, yenye chembe za kumetameta, kwa kawaida inataka klia, na chembe zake zikilala vibaya panatokea mawingu ambayo huwezi kuyasugua yakatoka. Tatu, kijivu kinafunika vizuri. Nyekundu na njano zinahitaji mikono mingi, yaani matabaka mengi ya rangi, kabla hazijaacha kuonyesha kilicho chini. Nne, praima, rangi ya msingi inayotangulia chini, nayo ni ya kijivu, hivyo hata jiwe likigonga baadaye kidonda hakionekani sana.

Ningemshauri yeyote mwenye pesa ndogo aanzie hapo: afungue boneti kwanza, ndipo afungue kitabu cha rangi.

Kabla ya kununua chochote

Kadi ya gari inataja rangi. Nimeuliza TRA kwanza, kwa sababu rangi ikibadilika taarifa za usajili nazo zinatakiwa kubadilishwa, na wenye bima wanatakiwa kujua. Trafiki akisimamisha gari la kijivu lenye kadi ya silva ana haki ya kuuliza. Nimetenga pesa kidogo kwa ajili ya hilo ndani ya laki tisa, nisije nikaila kwenye thina.

Julai, Jumamosi ya kwanza: kufungua

Nimetoa taa za mbele na nyuma, grili, bampa zote mbili, vitasa, vioo vya pembeni, wipa, mipira ya milango, nembo na vibao vya namba. Kila kundi la skrubu limeingia kwenye bahasha yake na jina limeandikwa juu. Kazi ya siku nzima, na vidole vinauma.

Hapa ndipo kazi ya bei ya chini inapojulikana. Fundi mwenye haraka hafungui. Anazungushia karatasi ya gundi kwenye kitasa na kwenye mpira wa kioo, anapiga rangi, anabandua. Rangi inaishia kwenye ukingo wa karatasi na kuacha kimstari kilichoinuka. Maji yanaingia hapo, rangi inaanza kubanduka kutoka pale pale. Kufungua hakugharimu chochote isipokuwa muda, na muda ndio mtaji wangu mkubwa katika mradi huu.

Klipu za plastiki za bampa zimevunjika kadhaa, zilikuwa zimekakamaa kwa uzee. Nimeziandika kwenye orodha ya kununua.

Kitambaa cha thina

Kabla ya kugusa msasa fundi alichukua kitambaa cheupe, akakilowesha thina, akasugua sehemu mbalimbali za bodi. Paani, palipobaki na klia, hakuna kitu. Mlango wa mbele, hakuna kitu. Fenda ya nyuma kulia, kitambaa kikatoka na silva. Kumbe liliwahi kuguswa na mtu likapigwa NC, na kwa macho nisingejua hata siku moja.

Hili ni jambo kubwa. Ukipiga 2K juu ya NC, makali ya rangi mpya yanaiamsha ya chini, inavimba na kukunjamana, na hapo unarudi kwenye bati. Kwa hiyo fenda hiyo yote inavuliwa hadi chini. Chini yake tukakuta puti nene ya ajali ya zamani, bahati nzuri bado imeshika. Kipimo hiki hakina gharama, na nadhani kila anayenunua gari mtumba angekifanya mahali pasipoonekana, kwa ruhusa ya mwenye gari.

Kutu

Milango ya nyuma ilikuwa na kutu ukingoni mwa chini. Nilidhani chanzo ni mvua. Fundi aliingiza waya kwenye vitundu vilivyo chini ya mlango na ikatoka tope iliyoganda. Vitundu hivyo vipo ili maji yanayopita pembeni mwa kioo yatoke. Vikiziba, maji yanakaa ndani ya mlango na bati linaoza kutoka ndani kuja nje. Kupiga rangi bila kuvizibua ni kufunika kidonda chenye usaha.

Tumesaga mpaka bati jeupe. Sehemu moja ilitoboka, ndogo. Fundi akakata na kuchomelea kipande. Palipo bati tupu pamepigwa praima ya epoksi siku ile ile, maana kwa unyevu wa Dar bati lililoachwa wazi usiku kucha linaamka na wekundu. Puti inakuja juu ya epoksi. Puti inanyonya maji, kwa hiyo nayo inasuguliwa kavu. Msasa wa maji unasubiri mpaka praima iwe imeifunika.

Jumamosi na Jumapili za msasa

Hapa ndipo mradi ulipo. Rangi yenyewe ni ya asubuhi moja, msasa ni wa wiki.

Klia iliyobabuka haifunikwi. Lazima iondolewe mpaka ufikie sehemu ambayo ukikwangua kwa ukucha haitoki. Nimeanza na namba 180 kwenye paa na boneti, nikahamia 320, iliyo laini zaidi, kulainisha kingo, ili kutoka rangi ya zamani hadi bati kuwe na mteremko na si ngazi. Ukipitisha kiganja ukiwa umefumba macho unahisi ngazi ambayo jicho halioni. Mzee alikuwa anakuja, anapitisha kiganja, anasema "bado", anaondoka. Nilijifunza kulipenda neno hilo, kwa sababu kila mara alipolisema, nami nikirudia kugusa, nilihisi alichokihisi.

Sehemu ambazo rangi ya kiwandani ni nzima hazikuvuliwa. Rangi hiyo imekaushwa kwa joto kali, imeshika bati kuliko chochote tutakachopiga sisi uani. Inatakiwa kukwaruzwa tu ili ipoteze mng'ao na rangi mpya ipate pa kushika. Anayekwambia uvue gari zima hadi bati wakati rangi ya chini ni nzima anakuongezea gharama na kukuondolea kinga nzuri.

Bampa ni za plastiki ya PP, imeandikwa upande wa ndani. Rangi haipendi plastiki hiyo. Palipobaki na rangi ya zamani tumekwaruza. Palipochubuka hadi plastiki nyeusi, fundi amepitisha praima ya plastiki kwanza.

Kisha praima ya 2K gari zima. Ilipokauka, fundi alirushia vumbi jembamba la rangi nyeusi ya kopo la kupuliza juu yake. Nikaanza 600 ya maji, msasa ukiwa umezungushiwa kipande cha mbao na si kidole, maana kidole kinachimba. Weusi unaobaki baada ya kusugua unakuonyesha bonde. Unapotoka haraka pamoja na praima, hapo ni kilima. Fenda ya nyuma ilionyesha bonde refu ambalo hakuna aliyeliona tangu ajali ile ya zamani. Likapata puti nyembamba, praima tena, msasa tena. Nilimaliza na 800.

Kariakoo

Rangi imenunuliwa Gerezani, imechanganywa kwa mashine mbele yangu. Lita tatu kwa mpigo mmoja. Usinunue mbili leo na moja kesho, kwani hata mashine ile ile inaweza kukupa tofauti ndogo, na tofauti ndogo kati ya mlango na fenda inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Kabla ya kulipa niliomba wapake kidogo kwenye kipande cha bati, nikatoka nacho juani. Ndani ya duka, chini ya taa, kijivu kile kilikuwa na ubuluu. Juani kilikuwa safi. Nikalipa.

Kulikuwa na hadina ya bei ya chini ya kampuni tofauti na rangi. Muuzaji aliniambia zote ni sawa. Fundi alikuwa ameshanionya: hadina itoke kwenye nyumba moja na rangi, na kipimo kifuatwe kilichoandikwa kwenye kopo. Yetu inataka sehemu mbili za rangi kwa moja ya hadina, na thina kidogo ya kulainisha.

Kitu ambacho fundi hakukiagiza ila nilikinunua mwenyewe ni barakoa mbili za mpira zenye vichujio vya kaboni, na miwani. Hadina ya 2K ina kemikali ziitwazo isosayaneti. Zikivutwa zinaweza kumletea mtu pumu ya maisha, na akishapatwa, hata kiasi kidogo sana baadaye kinamkaba. Kitambaa mdomoni au barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake. Kinga iliyo bora ni ile ya kuletewa hewa safi kwa bomba, ambayo kwenye gereji zetu sijaiona. Hii ya kaboni ni ya pili yake, na inataka vichujio vipya na kupiga rangi mahali penye hewa inayopita. Mzee amepiga rangi miaka mingi akiwa amejifunga leso. Nilimwambia, mzee, zawadi hii si ya gari, ni ya kifua chako. Akaijaribu, akalalamika inabana, lakini siku ya rangi aliivaa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nimefurahi kuliko kwa jambo lolote la mradi huu.

Siku ya rangi

Tulichagua Julai kwa makusudi. Masika imeisha, hewa ina unyevu mdogo kuliko wakati wa mvua, joto ni la wastani. Unyevu ukizidi, rangi inaweza kukauka na ukungu mweupe juu. Tulisubiri umande ukauke, tukaanza asubuhi kabla upepo wa kusi haujachangamka na kuleta vumbi. Banda ni la turubai pande tatu, sakafu imemwagiwa maji ili vumbi lilale. Fundi alitoa maji kwenye tangi la kompresa mpaka ikatoka hewa kavu, na kwenye bomba kuna kichujio cha maji. Tone moja la maji likipita kwenye bunduki linaharibu paneli.

Bodi ilifutwa kwa kiondoa mafuta, kitambaa kimoja cha kupaka na kingine kikavu cha kukausha kabla hakijapaa chenyewe. Bado tulipata tatizo. Kwenye mlango wa mbele kushoto, mkono wa kwanza ulipoingia tu, rangi ilikimbia na kuacha vishimo vidogo vya mviringo. Mzee akasimama pale pale. Ni silikoni, akasema. Inatoka kwenye zile dawa za kung'arisha dashibodi na matairi wanazopuliza waoshaji magari, na imekuwa ikitua mlangoni miaka yote. Aliacha paneli hiyo ikauke, akaendelea na nyingine, kisha akairudia: msasa, kiondoa mafuta mara mbili, na mkono mwepesi sana kama ukungu uliotangulia kukauka kabla ya mkono wa kujaza. Vishimo havikurudi. Tangu siku hiyo sitaki dawa yoyote yenye silikoni karibu na gari langu.

Kumtazama akipiga ni somo. Bunduki yenye tundu la milimita 1.4, umbali wa kama shubiri moja kutoka kwenye bodi, mkono unatembea sambamba na bati bila kukunja kiwiko, na kila mpito unafunika nusu ya uliotangulia. Alianza na vizingiti vya milango na ndani ya buti, kisha paa, ili vumbi la rangi ya paa lisitue kwenye pande zilizokwisha. Mikono mitatu, ya kwanza nyembamba, na kati ya mmoja na mwingine alisubiri mpaka akigusa karatasi ya pembeni rangi haivutiki. Mchanganyiko aliutengeneza kidogo kidogo, kwa sababu ukishatia hadina saa inahesabu na kitakachobaki kitaganda kwenye kikombe.

Bampa zilipigwa siku hiyo hiyo, kwa rangi ya kopo lile lile, zikiwa zimewekwa wima kama zinavyokaa garini.

Baada ya kukauka

Kwa macho ya gereji ya kiangazi na turubai, imetoka vizuri sana. Boneti ina vumbi la hapa na pale, na upande wa kulia chini uso umekaa kama ganda la chungwa. Rangi tupu ya 2K ina uvumilivu: baada ya kukauka sawasawa nimesugua sehemu hizo kwa 1500 na 2000 ya maji, kisha kompaundi, dawa ya kusugulia mpaka ing'ae, kwa mashine ya kuazima. Kingoni mwa paneli sikugusa, pale rangi huwa nyembamba na mashine inakula haraka. Nta itasubiri mwezi mzima ili thina iliyobaki ndani ipate njia ya kutoka. Kuosha ni kwa maji na sabuni laini, kivulini.

Kurudisha vitu ilikuwa furaha tupu, shukrani kwa zile bahasha. Mipira miwili ya milango ilikuwa imechoka, nimenunua mitumba Ilala.

Hesabu

Rangi lita tatu pamoja na hadina yake ilikula 210,000. Praima zote na hadina, 90,000. Puti 25,000, thina na kiondoa mafuta 50,000, msasa, karatasi ya gundi na vitambaa 40,000. Barakoa mbili na miwani 60,000. Klipu na mipira 35,000. Fundi 300,000, na kuchomelea kile kipande hakuniongezea. Jumla 810,000.

Elfu tisini zilizobaki ni za kubadili kadi na ukaguzi. Picha za gari pande zote nimepiga, risiti za rangi nimeziweka pamoja na kadi ya zamani. Rangi iliyobaki, ambayo haijatiwa hadina, iko kwenye kopo lililofungwa vizuri, na jina la mchanganyiko limeandikwa juu yake kwa ajili ya mikwaruzo.

Bado: rimu zina mikwaruzo ya ukingo wa barabara, na upande wa ndani wa boneti ni silva hadi leo. Rimu nitazifanya mwezi ujao. Boneti kwa ndani naiacha hivyo.